Sura ya Tano: Ondoka Hapo Uliposimama

Mwaka 2005 Corinne Vionnet, msanii wa Uswisi, alianza kukusanya picha za watalii kutoka mtandaoni. Alitaka zile za majengo yanayojulikana dunia nzima: Mnara wa Pisa, Mnara wa Eiffel, Taj Mahal. Kwa kila jengo alichukua picha nyingi za watu wasiojuana, akazififisha, akazipandanisha moja juu ya nyingine hadi zikawa picha moja. Mtu angetarajia apate vurugu ya rangi. Alichopata ni jengo lenyewe, limezungukwa na ukungu, kingo zake zinatetemeka, lakini hakuna anayeshindwa kulitambua. Picha ziliafikiana kwa sababu wapigaji wale, wa miaka mbalimbali na mataifa mbalimbali, walikuwa wamesimama karibu mahali pamoja, wakaacha umbali uleule, wakainua kamera kimo kilekile.

Huwa nawaonyesha wanafunzi kazi hiyo kabla ya kufundisha lolote kuhusu mwanga au lenzi, kisha nawauliza: hapa kilichochoka ni nini? Wengi hujibu kwamba ni mnara, umepigwa mno. Sikubaliani nao. Mnara wa Eiffel ulikuwa na miaka 40, na tayari ulikuwa umejaa kwenye kadi za posta, wakati André Kertész alipopanda mwaka 1929 akaelekeza kamera chini, akapiga kivuli cha chuma kikiwa kimelala ardhini na watu wadogo wakipita ndani yake. Mwaka 1953 Marc Riboud alipanda mnara huohuo akampiga fundi anayeupaka rangi, kofia kichwani, mguu mmoja umenyanyuka, ananing'inia juu ya Paris kwa wepesi wa mchezaji wa dansi. Mnara ni uleule. Kilichochoka ni kipande cha uwanja ambapo wengine wote walikuwa wamesimama.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika sura hii, na nitalisema kwa kutumia kitu kimoja ambacho msomaji wa Kiswahili amekiona kwenye kalenda, kwenye chupa, kwenye fulana na kwenye ukuta wa kinyozi: Mlima Kilimanjaro.

Kabla sijaufikia, tahadhari moja kutoka Japani. Mei 2024 mji wa Fujikawaguchiko ulisimamisha pazia jeusi kando ya barabara, kimo chake mita 2.5 na urefu mita 20, ili kuziba mahali ambapo Mlima Fuji huonekana ukichomoza juu ya paa la duka moja la Lawson. Wageni walikuwa wakifurika hapo, wakivuka barabara ovyo na kuacha takataka. Aliyeipiga picha hiyo mara ya kwanza alikuwa ameona jambo la kweli: mlima unaoheshimiwa kwa karne nyingi na duka la kununulia chai ya chupa, vyote katika maisha ya siku moja. Waliomfuata walichukua mahali pake pa kusimama, wakaliacha lile alilokuwa ameliona. Ndiyo maana sitakupa orodha ya sehemu nzuri za kupigia Kilimanjaro. Nikikupa, tutakutana hapo sote.

Picha maarufu ya Kilimanjaro ina tembo mbele, tambarare katikati, na Kibo yenye theluji nyuma. Karibu kila mara imepigwa kutoka upande wa Kenya, ndani ya Hifadhi ya Amboseli. Inafaa kujua kwa nini, maana picha iliyozoeleka huwa haijazoeleka bure. Amboseli ni tambarare iliyo wazi, haina miti mingi ya kuzuia macho. Tembo wake wamezoea magari. Wamefuatiliwa mmoja mmoja na watafiti tangu mwaka 1972, Cynthia Moss alipoanzisha utafiti wake hapo. Na wako karibu na mabwawa yenye majani mabichi mwaka mzima, hata ukame unapokausha kila kitu pembeni. Ukiwa na gari na lenzi ndefu, picha hiyo inakuja yenyewe.

Sasa fanya hesabu kidogo. Uwanda wa Amboseli uko kiasi cha mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru, juu ya Kibo, kiko mita 5,895. Kutoka katikati ya hifadhi hadi kileleni ni kilomita zipatazo 45. Maana yake mlima ule mkubwa, kutoka uwandani hadi theluji, unachukua nyuzi kama sita tu za macho yako. Nyosha mkono, kunja ngumi, iweke mbele ya Kibo: kimo chote kimefichika na nafasi imebaki. Ukiwa Moshi mjini, ambako ni karibu zaidi, ngumi hiyo inatosha tu. Simu ya kawaida ikishikwa kwa ulalo inabeba takriban nyuzi 50 kutoka chini hadi juu, kwa hiyo mlima wa Amboseli unapewa sehemu moja ya nane ya picha, na saba zinazobaki ni mbingu na vumbi. Ndipo watu wanaporudi nyumbani wakisema mlima haukutoka. Ulitoka. Jicho ndilo lililoukuza, kwa sababu moyo ulikuwa umeukuza kwanza.

Watu hudhani lenzi ndefu ndiyo inayofanya mlima uonekane umeinamia tembo. Lenzi inakata tu. Kinachopanga ukubwa wa kitu kimoja kwa kingine ni umbali wako. Tembo dume mwenye kimo cha mita tatu, ukiwa mita 30 kutoka kwake, anakuwa sawa na Kibo kwa urefu katika picha. Rudi nyuma hadi mita 100, anabaki chini ya theluthi ya mlima. Sogea hadi mita 15, anaufunika. Hakuna lenzi inayoweza kubadilisha uwiano huo kama hujasogea wewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu linavunja imani ghali sana, kwamba upya hununuliwa dukani. Nimewaona vijana wakijinyima miezi mingi ili wapate lenzi fulani, na picha zao baada ya hapo zikawa zilezile, zimekatwa tu kwa karibu.

Jambo lingine linaloamua picha, na ambalo wengi hawalifikirii, ni mwezi wa mwaka. Kilimanjaro iko kiasi cha nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Kuanzia Novemba hadi Januari jua linapita kusini kwake, na uso unaotazama Moshi unapata mwanga kutwa. Juni na Julai jua liko kaskazini. Uso wa Moshi unapata mwanga wa pembeni tu au unabaki kivulini, huku uso wa Amboseli na Loitokitok, upande wa Kenya, ukiwaka. Mtu anaweza kukaa Moshi wiki nzima ya Julai akilaumu kamera yake. Ongeza mawingu: asubuhi hewa yenye unyevu ya ukanda wa msitu inapashwa moto, inapanda, na mara nyingi kufikia saa nne mlima umefungwa. Jioni hewa inapopoa hufunguka tena, wakati mwingine kwa dakika chache. Agosti na Septemba vumbi na moshi wa mashamba hufifisha kila kitu, ilhali siku moja baada ya mvua kubwa unaweza kuhesabu mifereji ya barafu kwa macho matupu. Na kuna mpangilio wenyewe wa vilele. Anayetazama kutoka Moshi anaiona Mawenzi kulia kwa Kibo. Anayetazama kutoka Amboseli anaiona kushoto. Mtoto wa Moshi na mtoto wa Loitokitok, wakichora mlima wao kwa kumbukumbu, watachora michoro inayopingana, na wote watakuwa sahihi.

Haya yote ni maarifa ya kawaida ya mtu anayekaa chini ya mlima, na nayathamini kuliko mafunzo mengi ya kamera. Lakini yanakupa mwanga mzuri, hayajakupa picha yako. Kwa hilo nakupeleka kwa mchoraji.

Katsushika Hokusai alikuwa na umri wa miaka 70 hivi, mwanzoni mwa miaka ya 1830, alipotoa mfululizo wake wa michoro ya Mlima Fuji. Uliitwa mandhari thelathini na sita, ukapendwa, akaongeza kumi, ikawa 46. Kilichonishangaza nilipoitazama yote kwa mpangilio ni jinsi mlima ulivyo mdogo katika mingi kati ya hiyo. Katika ule unaojulikana kuliko yote, wimbi kubwa linataka kumeza mitumbwi ya watu, na Fuji ni pembetatu ndogo nyuma ambayo ungeweza kuidhania wimbi jingine. Katika mwingine, fundi mapipa ameingia ndani ya pipa kubwa lisilo na mfuniko wala kitako, anaparuza mbao, na mlima unaonekana kupitia tundu la pipa. Katika mwingine wapasua mbao wako juu na chini ya gogo lililoegemezwa, na Fuji imekaa katikati ya miguu ya egemeo. Hokusai hakuanza na mlima. Alianza na kazi ya mtu, kisha akauliza mlima uko wapi wakati kazi hiyo inafanyika.

Chukua swali hilo ulete Uchaggani.

Kuanzia mita elfu moja na ushei kwenda juu, miteremko ya kusini ina vihamba: migomba juu, kahawa chini yake, mahindi kidogo na maharage, ng'ombe wawili zizini wanaoletewa majani. Majani hayo mara nyingi hukatwa uwandani na kupandishwa, zamani vichwani mwa akina mama, siku hizi pia kwa pikapu na bodaboda. Kati ya vihamba hupita mifongo, ile mifereji ya maji iliyochimbwa na Wachagga kwa vizazi vingi, inayoyatoa maji mitoni na kuyazungusha mgongoni mwa mlima kwa mteremko uliopimwa kwa jicho. Maji hugawanywa kwa zamu, na zamu ina saa yake. Hakuna hata kimoja katika haya kinachoonekana kwenye picha ya kalenda, ingawa vyote vipo kwa sababu ya mlima.

Asubuhi moja ya mawingu, nikiwa na kamera shingoni huko Marangu, nilimkuta mzee akiwa amechuchumaa penye mfongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unatafuta mlima, leo hautoki."

"Nimeona. Nitangoja."

"Ngoja, lakini usimame huku. Hapo ulipo unanizibia maji, na zamu yangu inakwisha saa sita."

Nikasogea. Akaondoa udongo na mgomba aliouzibia mfereji, maji yakageuka, yakaingia shambani kwake. Alikuwa na haraka na hakuwa na muda wa kupozi, jambo ambalo ni zawadi kwa mpigapicha. Niliomba ruhusa ya kuipiga mikono yake, akakubali kwa kichwa. Katika picha ile hakuna kilele. Kuna mikono yenye tope, maji yanayong'aa, na migomba inayoyeyuka ndani ya ukungu mweupe. Nilipowaonyesha watu wa Moshi, walijua mara moja wako wapi. Wageni walihitaji maelezo chini ya picha, na naona ni sawa. Picha inaruhusiwa kumhitaji mwandishi.

Siku za mawingu, kwa maoni yangu, ni siku bora zaidi za kupiga Kilimanjaro, kwa sababu zinakunyang'anya kilele. Wale wenye tiketi ya kurudi wanakasirika, wanarudi hotelini. Wewe unabaki na mlima wote uliosalia: harufu ya kahawa inayoanikwa, watoto wa shule wenye masweta, barabara inayopinda bila kukwambia inapanda. Sina haja ya kutaja kwamba watu wanaoishi hapo huishi siku nyingi bila kukiona kilele, na bado wanakaa mlimani.

Sasa rudi kwa tembo wa Amboseli. Yale mabwawa wanamosimama hayalishwi na mvua ya hapo, kwa kuwa Amboseli ni kavu. Yanalishwa na chemchemi, na maji ya chemchemi hizo yamepita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, yakichujwa na miamba ya volkano. Yaani katika picha ile iliyozoeleka, tembo anayekunywa mbele na mlima ulioko nyuma ni sehemu mbili za habari moja. Mamilioni ya watu wameitazama picha hiyo na kuona vitu viwili vizuri vilivyowekwa pamoja. Mpigapicha anayelijua hili ataangalia wapi? Ataangalia kinywa cha mkonga kinapogusa maji. Atatafuta ukingo wa bwawa, pale kijani kinapoishia ghafla na chumvi nyeupe kuanza. Huenda akasimama hapohapo waliposimama wote, lakini atabonyeza wakati mwingine, na picha yake itakuwa na sababu.

Nick Brandt aliwapiga tembo wa Amboseli kwa njia ambayo watu wenye busara walimshauri aiache. Alitumia kamera ya filamu ya fremu ya kati, bila lenzi ndefu. Ilimlazimu awe karibu sana na mnyama na angoje, hadi tembo amzoee na kusimama mbele yake kama mtu aliyekuja studio. Kitabu chake cha kwanza, *On This Earth*, kilitoka mwaka 2005, na ukikifungua huhisi kwamba wanyama wamenaswa, unahisi wamekubali. Baadaye alikwenda mbali zaidi. Katika *Inherit the Dust* ya mwaka 2016 alichapisha picha za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha kwenye mbao kubwa katika sehemu za Kenya ambazo wanyama hao walikuwa wakipita zamani: jalalani, machimboni, kando ya reli, chini ya barabara za juu. Tembo wa karatasi amesimama jalalani, watu wanachakura taka miguuni pake. Ni tembo yuleyule wa kalenda. Nilikaa muda mrefu mbele ya picha hizo na sikuweza kuzungumza na niliyekuwa naye.

Simba nao, ambao pengine wamepigwa kuliko mnyama mwingine yeyote wa Serengeti, walimpata Michael Nichols. Alilifuata hasa kundi moja, lililoitwa Vumbi, kwa miezi mingi, akitumia miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ili awapige hata usiku bila kuwasumbua. Picha yake ya majike waliopumzika na watoto wao juu ya mwamba, mbingu nyeusi na mawingu yakipasuka nyuma, ilimpa tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year mwaka 2014. Hakuna tukio ndani yake. Simba wamelala, jambo ambalo simba hufanya sehemu kubwa ya siku, na ambalo madereva wa watalii hulipita haraka kwa kuwa mgeni amelipia kuona mawindo. Will Burrard-Lucas naye, mwaka 2009, alifunga kamera juu ya kigari kinachoongozwa kwa rimoti akakipeleka Ruaha na Katavi, na tembo wakaonekana kutoka chini, kwa jicho la kitu kidogo kilichoko miguuni mwao. Hapo mtu atasema: basi ni mashine. Ninalojifunza kwake ni kimo cha jicho, na kimo hicho kinaweza kupatikana kwa kulala kifudifudi, mbali na tembo, kwa jambo jingine lolote unalolipiga.

Wanafunzi huuliza sana kuhusu droni. Hifadhini huwezi kuirusha bila kibali, na ni vyema hivyo. Nje ya hifadhi, droni ni mahali papya pa kusimama, na kwa muda mfupi ilileta picha za kushangaza. Leo fukwe za Zanzibar kutoka juu zinafanana kama zilivyofanana kutoka chini.

Na kileleni? Anayefika Uhuru hupiga picha moja: yeye, kibao, alfajiri. Simlaumu, ameumwa kichwa usiku kucha na ana haki ya ushahidi wake. Lakini kama umefika na una nguvu ya kugeuka, geuka. Martin Parr alijijengea jina kwa kugeuka. Pisa, mwaka 1990, aliuacha mnara usimame pembeni akawapiga watalii walioinua mikono hewani, kila mmoja akijifanya ameuzuia usianguke. Kileleni mwa Kilimanjaro kuna foleni ya watu waliovaa rangi zote, wanaolia, wanaokumbatiana, wanaotafuta betri ndani ya soksi. Kuna kiongozi wa msafara anayeshika simu za watu sita na kuwapiga mmoja mmoja, na yeye hayumo katika picha hata moja. Upande wa magharibi, dakika chache baada ya jua kuchomoza, kivuli cha mlima kimelala juu ya mawingu kikiwa na umbo la pembetatu kamili, ingawa kilele cha Kibo ni bapa. Ni umbali unaovikusanya vivuli hadi nchani, kama reli zinavyokutana mbele ya macho. Wengi wanashuka bila kukiona kwa sababu wamekipa mgongo.

Chini yao wapo wapagazi. Sheria ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa msafara anaobeba mpagazi. Wanatangulia, wanasimamisha mahema, wanachota maji, wanapika, wanabomoa, wanatangulia tena. Kwao mlima ni mahali pa kazi, na maarifa yao ya njia hayana mfano. Ukitaka kuwapiga, tembea na mmoja wao siku nzima, mwombe ruhusa kwa jina lake, na mpelekee nakala. Nasema hili kwa uzito kwa sababu kuna picha nyingi za mpagazi akiwa kivuli cheusi chenye mzigo kichwani mbele ya machweo, na kuna nyingi kama hizo za Mmaasai mwenye mkuki akisimama kwa mguu mmoja. Ni mahali pengine pa kusimama palipochoka, na hapa uchovu wake una mtu unayemdhuru: unamfanya awe umbo. Uso ukionekana, kazi ikionekana, umbo linakuwa mtu tena.

Njia hii inafaa mbali na mlima. Mlango wa Mji Mkongwe, kwa mfano, hupigwa ukiwa umefungwa, kutoka mbele, saa za mchana. Mlango ni wa kufunguliwa. Mwenye nyumba akikuruhusu, simama ndani ya daka utazame nje: utaona upande wa pili wa mbao, usio na nakshi, wenye komeo lililolainishwa na viganja, na barabara ikipita nyuma ya watu waliokaa barazani. Angalia mfaa, ile nguzo ya katikati inayobeba nakshi nzito, jinsi chini ilivyochakaa kwa magoti na makapu kuliko juu. Jahazi nalo halikuumbwa kwa ajili ya machweo ya Forodhani. Nenda Nungwi asubuhi, mafundi wakiwa wanakalafati, pamba na nyundo mkononi, na hewa yote inanuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia vyombo.

Nimesema uondoke mahali waliposimama wengine, na naamini hivyo. Ila kuna kazi moja ambayo inahitaji urudi hapohapo, kwa makusudi, kwa hatua.

Barafu ya Kilimanjaro inakwisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 na Lonnie Thompson na wenzake ulionyesha kuwa asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Katika masanduku ya familia nyingi za Moshi, Arusha na Loitokitok kuna picha za harusi, kipaimara, mahafali, timu ya mpira, na nyuma ya watu, bila mtu yeyote kukusudia, mlima upo. Picha hizo za kawaida, zilizopigwa kutoka sehemu za kawaida, sasa ni rekodi. Mahali palipochoka pamepata thamani kwa sababu wakati umepita, na ukienda kusimama hapo leo unaongeza kitu ambacho hakuna mtu mwingine anacho.

Kazi hii ina ufundi wake. Tafuta katika picha ya zamani vitu viwili visivyohama vilivyo katika umbali tofauti, kama pembe ya paa la kanisa na bega la mlima. Tembea kushoto na kulia hadi vikutane kama vilivyokutana. Kisha sogea mbele au rudi nyuma hadi nafasi kati ya kitu cha tatu na cha nne iwe ileile. Vikilingana vyote, umesimama pale aliposimama yule wa kwanza. Lenzi yoyote itakayobeba eneo hilo inatosha, utakata baadaye. Kama jengo limejengwa hapo katikati, piga jengo hilo pia, ni sehemu ya jibu. Usiende siku moja baada ya mvua, kwani theluji mpya inafunika miamba na kudanganya. Chagua kipindi cha ukavu, ambapo kinachobaki kikiwa cheupe ni barafu yenyewe. Ukiwa upande wa Kenya, angalia hasa Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, ulio mkubwa kuliko barafu nyingine iliyosalia. Zingatia mwezi wa picha ya zamani kama unaujua, kwa sababu ya jua nililolieleza. Mwombe mwenye picha ruhusa ya kuinakili, umwandike kama atakavyo. Na nyuma ya yako, kwa kalamu isiyofutika, andika tarehe, saa, mahali, kimo cha kamera kutoka ardhini, na upande ulioelekea.